Kila akiamka huinama kama anayesalimu: je, ni mchango, degedege au kifafa?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Tanga, na ninakuandikia kuhusu mwanangu wa kiume ambaye mwezi huu ametimiza miezi saba. Nimezunguka naye zahanati, hospitali na kwa wazee, na kila mahali nimepewa jina jingine la ugonjwa wake, hata sasa sijui nishike lipi.

Mimba yake haikunisumbua. Uchungu ndio uliochukua muda mrefu, kuanzia usiku hadi mchana wa siku ya pili, na alipozaliwa hakulia. Wakunga walimpeleka mezani, wakamsafisha pua na mdomo na kumpulizia hewa kwa kifaa cha mkono, na sauti yake niliisikia baada ya muda niliouona mrefu mno. Alilazwa siku tano katika wodi ya watoto wachanga, akilishwa kwa mpira, kisha tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Kwenye kadi yake ya kliniki imeandikwa kwamba alipata alama 3 na baadaye 5 katika 10, lakini hakuna aliyenieleza maana yake.

Baada ya hapo alinipa furaha. Alipokuwa na miezi mitatu alikuwa akicheka kwa sauti dada yake akimchezea, na akiona kanga yangu nyekundu alinyoosha mkono kuishika.

Mambo yalibadilika alipofikia miezi mitano. Asubuhi moja, mara tu alipoamka, aliinamisha kichwa na kifua mbele kwa ghafla, mikono ikafunguka pembeni, macho yakapanda juu, kisha akalegea. Lilikuwa tendo la kufumba na kufumbua. Nilidhani ameshtuka. Baada ya sekunde chache akarudia, akarudia tena, na kila akimaliza alilia kama aliyeumizwa. Siku hiyo alifanya hivyo mara sita au saba. Sasa ni karibu kila anapoamka, asubuhi na baada ya usingizi wa mchana, na jana nilihesabu mara ishirini na mbili mfululizo. Hana homa. Hatoi povu. Hakakamai kwa muda mrefu kama watoto wenye degedege ninaowafahamu.

Katika zahanati walimpima malaria, hakuwa nayo, wakampa dawa ya maji na kusema ni mchango unaomkata tumbo. Hospitalini walinisikiliza, lakini kwa vile hakufanya lolote mbele yao, waliniambia kwamba huko ni kushtuka kwa kawaida na kwamba ataacha akikua. Mara ya pili alipewa vidonge vya fenobabitoni vya kusaga. Vinamlaza sana, lakini akiamka anainama vilevile. Mama mkwe wangu anasema ni degedege, amemfukiza na kumfunga hirizi, na amenikataza asichomwe sindano, kwa kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Baba yake anafanya kazi Dar es Salaam na anashauri tusubiri likizo yake ya Desemba ili tumpeleke wote pamoja.

Linaloniumiza zaidi si huko kuinama. Ni kwamba mwanangu ameacha kunitazama. Nikimwita hageuki, kanga haiitaki tena, na dada yake akimchekea yeye hutazama ukutani. Shingo aliyokuwa ameikaza sasa inalegea. Naomba unijibu bila kunificha: huu ni ugonjwa gani, nisubiri au nisisubiri, na je, ni kosa langu kwa kuwa nilikwenda msibani nikiwa na mimba ya miezi minane?

Mama mwenye wasiwasi, Tanga

—

Marahaba, mama, na pole sana kwa miezi hii miwili.

Nianze na swali lako la katikati, kwa sababu ndilo lenye haraka: usisubiri Desemba. Usisubiri hata mwisho wa mwezi. Siwezi kumpima mtoto kwa barua, na daktari yeyote anayedai kuwa anaweza usimwamini, lakini mambo uliyoyaeleza, yaani umri aliokuwa nao yalipoanza, kuinama kwa ghafla kwa mafungu mara anapoamka, kilio baada ya kila mshtuko na, zaidi ya yote, kupotea kwa tabasamu alilokuwa nalo, yanaelekea kwenye aina moja ya kifafa cha watoto wachanga ambayo sisi madaktari wa watoto tunaihesabu kuwa dharura, ijapokuwa kwa macho inaonekana ndogo kuliko degedege la kawaida. Huitwa spazimu za watoto wachanga, na jina lake jingine ni sindromu ya West.

Hilo jina la West lina kisa ambacho ningependa ukijue. William James West alikuwa daktari katika mji wa Tonbridge, Uingereza, na mwaka 1841 aliandika barua kwa jarida la tiba la The Lancet kuhusu mwanawe mwenyewe, ambaye tangu alipokuwa na umri wa miezi minne hivi alianza kuinamisha kichwa mbele, mara kumi, ishirini au zaidi kwa mfululizo, huku akipoteza uchangamfu aliokuwa nao. Baba huyo alikuwa amedhani ni meno, akamchanja ufizi, akamwekea ruba, akampa dawa za kuharisha na afyuni, na hakuna kilichosaidia, ndipo akawaandikia madaktari wenzake akiomba yeyote mwenye kuijua hali hiyo amsaidie. Daktari mmoja wa London aliyewahi kuona watoto wachache wa namna hiyo aliupa ugonjwa huo jina la degedege la salamu, kwa sababu mtoto huinama kama mtu anayetoa salamu kwa heshima. Nilipoyasoma maneno yako kwamba mwanao huinama kifua mbele na mikono kufunguka, nilimkumbuka baba yule. Tofauti kati yake na wewe ni kubwa: yeye hakuwa na dawa. Mwaka 1958 iliripotiwa kutoka Ubelgiji kwamba sindano za homoni zinaweza kuyatuliza mashambulizi haya, na leo zipo dawa ambazo kwa watoto wengi huyakomesha ndani ya wiki mbili.

Sasa nikueleze kwa nini umepewa majina mengi. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, huwapata watoto kati ya 2 na 5 hivi katika kila 10,000 wanaozaliwa, kwa hiyo mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, na anapoona mtoto anayejikunja na kulia, wazo la kwanza humjia la tumbo. Lakini maumivu ya tumbo ya watoto wachanga kwa kawaida hupungua kufikia mwezi wa nne, humfanya mtoto alie kwa muda mrefu, mara nyingi jioni, na hayaji kama mishtuko ya sekunde moja au mbili inayofuatana kwa mpangilio. Kule kushtuka ambako kila mtoto mchanga huzaliwa nako, mikono ikifunguka anaposikia kishindo au anapolazwa ghafla, nako hutoweka katika mwezi wa nne au wa tano. Mwanao alianza wakati ambao wenzake wanaacha. Na degedege la homa, ambalo hutokea kati ya miezi sita na miaka mitano, huja na mwili wa moto, na mara nyingi malaria au maambukizi mengine huwa nyuma yake. Wewe umesema wazi kwamba hana homa.

Mama mkwe wako hajakosea kuona kwamba kuna kitu kizito kimemshika mjukuu wake. Kuliko wale waliokuambia ataacha akikua, yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli. Alipokosea ni kwenye tiba na kwenye sindano. Imani kwamba sindano humuua mtoto wa degedege ni ya zamani katika sehemu nyingi za pwani yetu, na ninaelewa ilikotokea: watoto waliofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, malaria ikiwa imekwisha kuingia kichwani, walichomwa sindano ya mwisho na kufa, na lawama ikaiangukia sindano badala ya siku tatu zilizopotea kabla yake. Mwambie kwa adabu kwamba huenda mjukuu wake akatolewa damu na hata akachomwa sindano, na kwamba daktari aliyekuandikia anamwomba yeye mwenyewe afuatane nanyi. Hirizi haimdhuru akivaa, lakini moshi unamuumiza mapafu, na dawa za mitishamba za kunywa msimpe, kwa kuwa zinaweza kugongana na dawa atakazopewa.

Kabla ya safari, jambo moja lina thamani kuliko maelezo yote utakayoyatoa kwa mdomo, nalo ni video. Hospitalini hawakukuamini, au tuseme hawakupata cha kuamini, kwa sababu mtoto hakuinama mbele yao. Kesho asubuhi kabla hajaamka, fungua dirisha mwanga uingie, mfunue shuka, umvue nguo za juu, uweke simu tayari, na anapofumbua macho uanze kurekodi. Mchukue mwili mzima, si uso peke yake, na usikatize baada ya mshtuko wa kwanza. Linalohitajika ni fungu zima, ili daktari aone jinsi mishtuko inavyofuatana na jinsi macho yanavyofanya. Usimbembeleze kwa dakika hizo mbili tatu, hata kama moyo unakusukuma, kwa sababu ukimnyanyua hatutaona kitu. Baada ya hapo mpakate. Andika pia kwenye daftari tarehe, saa, na idadi ya mishtuko katika kila fungu kwa siku zilizobaki kabla hamjaondoka.

Ukifika, usianze na historia ndefu. Mwambie daktari hivi: mtoto ana miezi saba, kwa miezi miwili anapata mishtuko ya mafungu kila anapoamka, ameacha kutabasamu na kutazama, na video ninayo. Maneno hayo, kwa mpangilio huo, yanamfanya daktari wa watoto aache alichokuwa akiandika. Kisha mpe kadi ya kliniki na umwonyeshe zile alama 3 na 5. Hizo ni alama za hali ya mtoto katika dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa, na kwa mwanao zinaonyesha kwamba alipata shida ya kupumua, ambayo pengine iliunyima ubongo hewa ya oksijeni ya kutosha. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni miongoni mwa sababu kubwa za ugonjwa huu. Zipo nyingine, kama kuumbika tofauti kwa ubongo, homa ya uti wa mgongo aliyougua mtoto akiwa mchanga, kushuka kwa sukari katika siku za mwanzo, na ugonjwa wa kurithi wa tuberasi sklerosisi ambao huacha mabaka meupe kwenye ngozi. Mkague mwanao juani, na ukiona baka la namna hiyo mwonyeshe daktari, maana linabadilisha uchaguzi wa dawa. Wapo pia watoto ambao sababu yao haionekani kabisa.

Omba barua ya rufaa kwenda mahali penye daktari wa watoto anayeshughulikia mishipa ya fahamu na penye kipimo cha umeme wa ubongo, kiitwacho EEG. Kwa mkoa wa Tanga njia ni mbili, KCMC kule Moshi au Muhimbili jijini Dar es Salaam, na kwa kuwa baba wa mtoto yuko Dar es Salaam, mimi ningechagua Muhimbili ili likizo ya Desemba isiwe na kazi tena katika uamuzi huu. Kipimo hicho hakipitishi umeme kwenye mwili wa mtoto. Kinasoma tu umeme ambao ubongo wenyewe unautoa, kupitia nyaya zinazobandikwa kichwani. Hakiumi. Mwoshe nywele na usimpake mafuta siku hiyo, na jitahidi afike akiwa na usingizi, kwa sababu dalili za ugonjwa huu huonekana vizuri zaidi mtoto akilala, na kipimo kilichofanyika akiwa macho peke yake kinaweza kumpotosha anayekisoma. Huenda akapimwa pia sukari na damu, na kupigwa picha ya ubongo. Ukiambiwa kwamba foleni ya kipimo ni ya wiki nyingi, mwombe daktari aitazame video na afikirie kuanza tiba bila kungoja. Hilo linawezekana, na wewe una haki ya kuliuliza.

Kuhusu dawa, fenobabitoni ni nzuri kwa aina nyingine za kifafa, lakini mishtuko hii kwa kawaida haiisikilizi, ndiyo maana inamlaza tu. Usiiache ghafla kwa uamuzi wako, kwani kuikatisha kunaweza kuleta degedege kubwa. Daktari ataipunguza polepole. Dawa zinazojulikana kufanya kazi hapa ni za jamii ya homoni, kama vile prednisoloni ya kunywa, ambayo ni ya bei nafuu na hupatikana nchini, au zile sindano za homoni, na nyingine ni vigabatrini, inayochaguliwa kwanza kwa watoto wenye yale mabaka meupe. Kabamazepini, ambayo hutolewa sana kwa kifafa, inaweza hata kuizidisha hali yake, kwa hiyo asiandikiwe na mtu ambaye hajaiona video.

Prednisoloni kwa kipimo kikubwa ina gharama zake mwilini. Mtoto atakula sana, atakuwa mkali, uso utavimba na kuwa wa mviringo, shinikizo la damu linaweza kupanda, na kinga yake itashuka. Kwa sababu hiyo mwambie daktari kama kuna mtu nyumbani anayekohoa muda mrefu au anayetumia dawa za kifua kikuu, umpeleke mtoto haraka akipata homa, na usiikatishe dawa hata siku moja bila kuelekezwa. Tena mwanao anakaribia miezi tisa, umri wa chanjo ya surua na rubela, ambayo ina virusi hai waliodhoofishwa. Muuguzi wa kliniki ni lazima ajue kwamba mtoto yuko kwenye dawa hiyo, ili chanjo isogezwe kwa ushauri wa daktari. Kunyonya aendelee kama kawaida.

Umeniomba nisikufiche, nami sitakuficha. Mishtuko inaweza kukoma na bado mtoto akachelewa kukaa, kusema na kujifunza, hasa pale ambapo ubongo uliumia tangu kuzaliwa, na baadhi ya watoto hupata aina nyingine ya kifafa baadaye. Wapo pia wanaorudisha tabasamu, wakatembea na kwenda shule, na mara nyingi hao ni wale ambao hawakuwa na jeraha la ubongo kabla na waliotibiwa mapema. Sijui mwanao atakuwa katika kundi gani. Ninachojua ni kwamba ubongo wa mtoto wa miezi saba unajifunza kila siku, na dhoruba ya umeme iliyomo ndani yake sasa inauzuia kujifunza, hata katika saa ambazo hainami. Huo ndio msingi wa haraka yangu yote. Omba pia apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo tangu sasa, shingo isiendelee kulegea.

Ikitokea siku moja akakakamaa mwili mzima, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa, na ikipita dakika tano bila kutulia mkimbize kituo cha afya kilicho karibu.

Wala hukukosea kwenda msibani. Hakuna jeneza linalofikia ubongo wa mtoto aliye tumboni. Uchungu wako ulikuwa mrefu na mwanao alizaliwa amechoka. Hilo halikuwa mikononi mwako, na wewe ndiye uliyeona kwamba amebadilika pale wengine walipoona tumbo na kushtuka tu.

Kwa sera ya nchi yetu, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, lakini si kila dawa na kipimo hupatikana kwa urahisi huo, kwa hiyo ukikwama kwa fedha ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali hiyohiyo kabla hujakata tamaa na kurudi nyumbani. Mpigie simu baba yake leo jioni umsomee barua hii, umwambie akupokee kituo cha mabasi wiki hii. Fungasha nguo za wiki mbili au tatu, kwa kuwa huenda mkalazwa, kadi ya kliniki, vile vidonge na karatasi yake, daftari la hesabu, na simu yenye chaji ya kutosha.